Bahasha za Bibi na walioanguka wa Karthago

Jumapili za Meza ya Bwana, Bibi alikuwa akitoka kanisani kabla ya wenzake. Mahubiri yakishakwisha na sadaka ikishakusanywa, aliinuka taratibu kwenye benchi la nyuma, akajitanda kanga yake vizuri, akatoka bila kugeuka. Nilikuwa mdogo, nikadhani anawahi kupika. Siku nilipomuuliza mama, alinijibu kwa mkato: "Bibi yako ametengwa." Nikauliza ametengwa na nani. Akaniambia nimalize chakula changu.

Habari yenyewe niliipata vipande vipande, kama habari zote za nyumbani zinavyopatikana: kidogo kwenye msiba, kidogo kwa shangazi aliyekasirika. Mjomba wangu mkubwa alipokuwa mchanga alishikwa na degedege. Hospitali ilikuwa mbali, mvua zilikuwa zimekata barabara. Wazee wa ukoo wakachinja mbuzi wa tambiko, na Bibi, aliyekuwa amebatizwa na kupata kipaimara, akala ile nyama pamoja nao. Mtoto akapona. Mtu akapeleka maneno kwa wazee wa kanisa.

Alichotakiwa kufanya hakikuwa kikubwa. Asimame mbele ya usharika, aseme amekosa, aombewe, arudishwe kundini. Wanawake wengi wa rika lake walisimama kwa mambo mazito kuliko hilo na wiki iliyofuata wakapiga magoti mezani. Bibi alikataa. Shangazi anasema alitoa sababu mara moja tu, na hakuirudia: mtoto amepona, na akisimama aseme anajuta, atakuwa amemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo akakaa nyuma. Miaka zaidi ya thelathini.

Sikuwa nikitafuta habari za Bibi nilipoanza kusoma historia ya kanisa la kale. Nilikuwa nataka kujua tu wale wa mwanzo, kabla ya kuwa na madhehebu yetu haya, walielewaje dhambi, hukumu na wokovu. Nilitarajia mafundisho. Nikakuta ugomvi juu ya nyama.

Mwishoni mwa mwaka 249 au mwanzoni mwa 250, Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka. Kila mtu alitakiwa kufika mbele ya tume ya mji wake, amimine kinywaji, atoe dhabihu au afukize uvumba, na aonje nyama iliyotolewa. Akishamaliza, anapewa hati yenye sahihi. Mchanga mkavu wa Misri umetuhifadhia zaidi ya 40 ya hati hizo, nyingi zikiwa za miezi ya Juni na Julai 250. Maneno yake yanafanana kama fomu za ofisini: siku zote nimeitolea miungu sadaka, na sasa mbele yenu nimemimina, nimetoa, nimeonja, naomba mtie sahihi. Halafu sahihi.

Nimeonja. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini.

Wakristo wengi walikwenda. Mashahidi ndio waliobaki kwenye kalenda, kwa hiyo tumezoea kuwaza kanisa la kwanza kama jeshi la watu wasioyumba. Sipriani, askofu wa Karthago, mji ambao magofu yake leo yako pembezoni mwa Tunis, alieleza alichoambiwa: watu walikimbilia uwanja wa mji kutoa sadaka kabla hata hawajakamatwa. Jioni ilipoingia maofisa wakawaambia wengine warudi kesho, nao wakasihi wahudumiwe leo leo. Wapo waliokwenda na wanyama wao wenyewe. Wapo waliobeba watoto wachanga mikononi. Na wapo wenye fedha waliopata hati bila kutoa sadaka yoyote. Wakahonga, wakaweka karatasi sandukuni, wakajiambia kuwa mikono yao ni safi. Hilo la mwisho halihitaji maelezo kwetu.

Mateso yalipopoa, watu hao wakarudi kanisani wakagonga mlango. Wakaitwa kwa Kilatini kwa neno lenye maana ya walioanguka. Na hapo ndipo mafundisho yote ya dhambi na wokovu yalipolazimika kutoka kwenye vitabu.

Kwa nini lilikuwa tatizo kubwa namna ile? Sisi tumezoea kwamba mtu akitenda dhambi anatubu, yamekwisha. Kanisa la kale halikuanza hivyo. Paulo aliwaandikia Warumi karibu mwaka 57, akiwa Korintho, Tertio akiandika kwa mkono wake, na Fibi wa Kenkrea akitambulishwa kwa wasomaji kama dada wa kupokewa vizuri. Ndani ya barua ile mna mstari ambao kila mtoto wa kipaimara kwetu aliukariri: "Basi, twaona ya kuwa mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Ni sura ya tatu. Lakini sura ya pili, ambayo hatukukaririshwa, inasema Mungu atamlipa kila mtu kwa kadiri ya matendo yake. Paulo hakuona shida kuyaweka yote mawili ukurasa mmoja. Waliomfuata waliiona shida hiyo mapema sana.

Maana imani ilikuwa na siku yake. Mtu aliamini, akafundishwa, wengine kwa miaka mitatu, akaingia majini. Dhambi zote za nyuma zikabaki kule majini. Hilo halikuwa na mgogoro. Mgogoro ni Jumatatu yake. Waraka kwa Waebrania, sura ya sita, unasema waliokwisha kupewa nuru wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya ili watubu. Waraka wa kwanza wa Yohana unataja dhambi iliyo ya mauti na kuacha hapo hapo, bila kutuambia ni ipi. Watu wa karne ya pili walisoma maneno haya wakalala macho.

Mmoja wao aliishi Roma, akiitwa Herma, mtu aliyekuwa mtumwa na aliyeuzwa kwa mwanamke wa mjini humo aitwaye Roda. Maandiko yake, yaitwayo Mchungaji, yalipendwa kiasi kwamba wengine waliyasoma karibu sawa na Maandiko Matakatifu. Anaeleza ono la mnara unaojengwa juu ya maji. Malaika wanaleta mawe: mengine yanakaa vizuri bila hata kuchongwa, mengine yanavunjwa na kutupwa mbali, na mengine yanawekwa kando, karibu na mnara. Hayo ya kando ni watu waliotenda dhambi ila wanataka kutubu. Wanaweza kutumika, anaambiwa, maadamu ujenzi unaendelea. Lakini baada ya ubatizo toba ni moja tu. Ukiitumia umeitumia.

Ninalipenda ono hili kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Jiwe lililo kando ya ujenzi halijatupwa. Mtu anayepita analiona, fundi analiona, na lenyewe, kama mawe yangekuwa na macho, lingeuona mnara ukipanda siku baada ya siku.

Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, alikubali hiyo toba moja katika maandiko yake ya awali, akaifananisha na ubao anaoushika mtu ambaye jahazi lake limevunjika baharini. Baadaye alipojiunga na wafuasi wa Montano, kundi la Wakristo wenye maadili makali, akaunyang'anya ule ubao, akamshambulia kwa kejeli askofu aliyetangaza msamaha kwa wazinzi. Alishauri pia watu wasiharakishe kubatizwa, hasa watoto na wasiooa, kwa kuwa atakayeelewa uzito wa ubatizo ataogopa kuupata kuliko kuuchelewesha. Ushauri huu ulizaa matunda ya ajabu. Karne iliyofuata ilijaa watu waliousogeza ubatizo mbele hadi pumzi za mwisho. Konstantino, kaisari aliyeitisha mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Hesabu yake ni nyepesi: kama maji yanafuta mara moja, ngoja uchafu uishe kwanza. Siwacheki. Ukiwafundisha watu kwamba mlango utafunguliwa mara moja tu, watakaa nje wakisubiri wakati mzuri wa kuingia.

Turudi Karthago. Sipriani alikuwa na uaskofu wa mwaka mmoja hivi na ukristo wa miaka michache tu. Amri ya Decius ilipofika alijificha, akaliongoza kanisa kwa barua. Makasisi wa Roma, ambao askofu wao Fabiano alikuwa ameuawa Januari 250, waliwaandikia makasisi wa Karthago maneno yenye mchomo juu ya wachungaji wanaokimbia. Kwa hiyo huyu ndiye aliyetakiwa aamue juu ya walioanguka: mtu ambaye hakusimama uwanjani hata siku moja. Walioanguka walilijua hilo. Sipriani naye alilijua, na nadhani ndiyo maana maandiko yake ya kipindi kile yana ukali wa mtu anayejitetea.

Wakati huo gerezani walikuwamo waungama, wale waliolikiri jina la Kristo mbele ya hakimu, wakapigwa, wakakaa na njaa, lakini hawajafa. Heshima yao ilipita ya askofu. Walioanguka wakawaendea, wakapewa vikaratasi vya amani: fulani apokewe mezani. Punde vikatoka vikaratasi vilivyosema fulani apokewe pamoja na watu wake, bila kutaja ni wangapi. Sipriani alilalamika kwamba kwa kikaratasi kimoja watu ishirini au thelathini wangeweza kujitokeza wakidai wao ndio "watu wake". Fikiria: mtu amepata hati ya kaisari kwamba ameabudu miungu, na mfuko wa pili ana kikaratasi cha muungama kwamba amesamehewa. Yote mawili yana sahihi.

Upande wa pili walikuwapo wakali. Roma, mwaka 251, kasisi msomi aitwaye Novasiani alijitenga na askofu mpya Kornelio, akapata wafuasi sehemu nyingi za dola. Msimamo wake: aliyeitolea miungu sadaka atubu maisha yake yote, tena kwa machozi, lakini kanisa halina mamlaka ya kumrudisha mezani, hata akiwa anakufa. Msamaha wake, kama upo, uko kwa Mungu peke yake.

Ni rahisi kumchukia Novasiani. Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikamfikiria mwanamke ambaye mumewe alifia gerezani kwa kukataa kuonja kipande kile cha nyama, na Jumapili moja anageuka kusalimiana kwa busu la amani na jirani aliyekwenda uwanjani na mbuzi wake mwenyewe. Wakali walikuwa wanamlinda huyo mwanamke pia. Kama kuonja si kitu, mumewe alifia nini?

Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago baada ya Pasaka ya mwaka 251, wakaamua kuangalia kesi moja moja. Aliyehonga apate hati bila kutoa sadaka, tofauti. Aliyeburutwa na kuteswa hadi akashindwa, tofauti. Aliyekimbilia mwenyewe atubu muda mrefu, ila akiwa anakufa apewe amani. Miaka isiyozidi miwili baadaye, tetesi za mateso mapya zilipoenea, wakalegeza tena: wote ambao walikuwa wamebaki wakitubu mlangoni wapokewe sasa. Sababu waliyotoa bado inanigusa. Tutawahimizaje wamwage damu yao kwa ajili ya Kristo, waliuliza, ikiwa tunawanyima damu ya Kristo?

Katika barua ndefu aliyomwandikia askofu mwenzake, Sipriani anajibu lile swali lililo chini ya yote: je, tukimpokea mnafiki? Anasema hatumtangulii Bwana katika hukumu yake. Akikuta toba ya kweli, atathibitisha tulichoamua hapa. Kama mtu ametudanganya kwa toba ya bandia, Mungu asiyedhihakiwa ataona moyo na atarekebisha.

Tazama ilivyo. Novasiani na Sipriani wote wanaiacha hukumu kwa Mungu. Mmoja anasema: kwa hiyo sisi tufungue. Mwingine anasema: kwa hiyo tusiguse kitasa. Imani ni ile ile, Maandiko ni yale yale, na kila mmoja angeweza kukukaririsha Warumi. Nikiwa nimelelewa kwenye kanisa lililojivunia "kwa imani peke yake", nilishtuka kuona kwamba fundisho lenyewe halikukuambia mtu atakaa benchi gani.

Sitaki kumfanya Sipriani kuwa mpole kuliko alivyokuwa. Ndiye aliyeandika kuwa nje ya kanisa hakuna wokovu. Ndiye aliyesimulia, kwa kuridhika ambako mimi kunanikera, habari ya mtoto mchanga wa kike aliyepelekwa na yaya kwa maofisa, wakamlisha mkate uliochovywa divai ya sanamu, kisha alipopewa kikombe kanisani akalia, akakikataa, akatapika. Mtoto mchanga! Aliandika pia kwamba sadaka kwa maskini huzima dhambi zilizotendwa baada ya ubatizo, na akatumia Tobiti na Yoshua bin Sira kulithibitisha hilo, vitabu ambavyo Biblia ya Bibi haikuwa navyo. Walimu wangu wa kipaimara wangemsahihisha kwa wino mwekundu.

Lakini mtu ninayemkumbuka zaidi katika sakata hili hakuandika kitu. Dionisi, askofu wa Aleksandria, alimsimulia katika barua kwa Fabio wa Antiokia, aliyekuwa anaanza kuvutwa na Novasiani. Eusebi, mwandishi wa historia ya kanisa, akaihifadhi barua hiyo katika Historia yake. Kulikuwa na mzee aitwaye Serapioni, aliyeishi vizuri muda mrefu, kisha akaitolea miungu sadaka wakati wa mateso. Aliomba mara nyingi apokewe, hakuna aliyemsikiliza. Akaugua. Siku tatu alilala hasemi wala hasikii. Siku ya nne akazinduka kidogo, akamwita mjukuu wake, mtoto wa binti yake, akamwambia aende akamlete kasisi.

Mjukuu akakimbia. Ilikuwa usiku, na kasisi naye alikuwa mgonjwa kitandani. Hakuweza kuja. Dionisi alikuwa ameshaagiza kwamba wanaokufa wakiomba wapewe amani, hasa kama waliwahi kuiomba walipokuwa wazima. Kasisi akachukua kipande kidogo cha mkate wa Ekaristi, akampa mtoto, akamwelekeza akiloweshe na kukidondosha kinywani mwa mzee. Mtoto akarudi mbio. Kabla hajaingia ndani, Serapioni akazinduka tena, akasema: umekuja, mwanangu, kasisi hakuweza, basi wewe fanya upesi alichokuagiza, uniache niende. Mtoto akalowesha, akamtia kinywani. Mzee akameza kidogo, akakata roho.

Dionisi haelezi imani ni nini wala toba inapimwaje. Anamwandikia askofu mwenzake habari ya mtoto anayekimbia usiku na kipande cha mkate mkononi, halafu anamuuliza kama haioneshi wazi kwamba mzee alihifadhiwa hai hadi afunguliwe.

Nikea, mwaka 325, maaskofu waliandika kanuni kwa ajili ya walioanguka katika mateso ya wakati wao. Hesabu yake ni nzito: miaka 3 miongoni mwa wasikilizaji, miaka 7 miongoni mwa wanaosujudu, miaka 2 kusali na waumini bila kushiriki mezani. Miaka 12 yote. Lakini kanuni ya 13, fupi, inasema anayekufa asinyimwe chakula cha safari, yaani Ekaristi ya mwisho. Hilo waliliita sheria ya kale. Mwanahistoria Sokrate anasimulia kwamba askofu wa Kinovasiani aitwaye Akesio alikuwapo, akamweleza Konstantino kwa nini kundi lake halimpokei aliyetenda dhambi ya mauti. Kaisari akamjibu: weka ngazi, Akesio, upande peke yako mbinguni.

Bibi alipougua mara ya mwisho mimi nilikuwa kidato cha tatu, nyumbani kwa likizo. Mwinjilisti wa mtaa wetu wakati huo alikuwa kijana mpya, mnyenyekevu. Alikuja siku mbili mfululizo. Alisali, akaimba naye, Bibi akawa anafuatisha midomo tu. Mama akamvuta pembeni akamuuliza kuhusu Chakula cha Bwana. Akasema jambo hilo lazima lipite kwenye baraza la wazee, na baraza ni Jumamosi, na atalisemea yeye mwenyewe. Alimaanisha, nilimwona usoni. Bibi alikuwa amesikia. Akamwambia, "Usijisumbue, mwanangu. Keti unywe chai."

Alifariki Alhamisi.

Sikutumwa popote usiku ule. Hata kama ningetumwa, sijui ningekwenda kugonga wapi. Maziko yalifanyika kwa sala na nyimbo, uani, bila jeneza kuingizwa kanisani na bila kengele. Nakumbuka zaidi jinsi wanawake wa rika lake walivyoimba, wale waliosimama na kurudishwa. Waliimba kwa sauti ya juu kupita kiasi, kana kwamba kuna mtu wanamjibu.

Siku ya kuanua matanga mama alifungua sanduku la bati la Bibi. Kanga ambazo hazijavaliwa, cheti cha ubatizo kilicholiwa na mende pembeni, na rundo la kadi za ahadi zilizofungwa kwa uzi, moja kwa kila mwaka. Kanisa lililomnyima meza lilikuwa likipokea bahasha yake kila mwezi, na mhasibu alitia sahihi kila alipopokea. Mama akazipanga sakafuni kwa miaka, nami nikamsaidia. Tukatafuta mwezi uliorukwa, hatukuuona. Kwenye ile ya mwisho sahihi zilifika Agosti.

Mama alizikusanya, akazifunga tena kwa uzi ule ule. Mjomba mkubwa, yule wa degedege, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. Akauliza kama anaweza kuzichukua yeye.